Kuomba kazi isiyotangazwa: peleka barua Novemba

Kazi yangu ya kwanza ya uhasibu, hapa Dar es Salaam, haikutangazwa popote. Niliipata kwa barua niliyoiacha mapokezi kwenye ofisi ndogo ya ukaguzi wa hesabu. Siku hizi barua za namna hiyo zinaishia mezani kwangu, na nyingi nazijua mwisho wake kabla sijamaliza mstari wa pili.

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba nafasi yoyote ya kazi itakayopatikana katika ofisi yako." Mwandishi anaona "yoyote" ni unyenyekevu. Msomaji anaona amebebeshwa mzigo: akae afikirie huyu mtu anaweza nini na akae wapi. Nani ana muda huo?

Ofisi kutotangaza nafasi si kwamba haina kazi. Bosi wa ofisi ya watu wachache anaujua mzigo unaokuja, ila akitangaza atamwagiwa bahasha, kisha asaili watu wakati wateja wanampigia simu. Anaona bora wabanane hivyo hivyo. Barua yako inatakiwa imkute hapo, kichwa kimeanza kumuuma lakini hajapata dawa.

Kwenye ukaguzi wakati huo unajulikana. Kampuni nyingi zinafunga hesabu Desemba 31, na siku hizo wakaguzi wanatakiwa wawepo maghalani stoku ikihesabiwa. Ghala la Vingunguti na la Mbagala yanahesabiwa siku moja, na watu ni wale wale. Baada ya hapo ni mbio hadi Juni 30, kwa sababu kampuni iliyofunga Desemba ina miezi sita ya kupeleka ritani (taarifa) ya kodi ya mapato kwa mamlaka ya mapato, TRA. Kwa hiyo barua ifike Novemba. Ya Aprili inakuta watu wameshapatikana.

Yangu haikuwa ndefu, na kiini chake kilikuwa hiki (NBAA ni bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu):

"Nina shahada ya uhasibu na ninajiandaa na mitihani ya NBAA. Naomba kusaidia timu yenu kwenye kuhesabu stoku mwishoni mwa Desemba. Nilipokuwa fildi nilishiriki kuhesabu stoku ya duka la vipuri, hivyo kulinganisha kadi za stoku na mzigo ulioko rafuni si kitu kigeni kwangu. Ninaishi Temeke, na ninaweza kufika ghalani saa moja asubuhi."

Baadaye bosi aliniambia kilichomvutia ni hiyo saa moja asubuhi, wala si shahada. Nikapewa kibarua cha mwisho wa mwaka, Januari wakaniita tena, na ritani zilipokwisha nilikuwa na meza yangu.

Ofisi utazipata kwenye orodha ya kampuni za ukaguzi zilizosajiliwa na NBAA. Zile kubwa, kama Deloitte au PwC, zina utaratibu wao wa kupokea maombi mtandaoni, ufuate huo. Nguvu zako zipeleke kwa ndogo za Samora, Upanga na Kariakoo, ambazo unaweza kuzipitia kwa miguu ukishashuka Posta. Kwanza piga simu mapokezi: "Samahani dada, naomba jina la mkuu wa ukaguzi, nataka kumwandikia barua." Mara nyingi utatajiwa. Barua yenye jina la mtu inafunguliwa na mtu huyo.

Angalia na tarehe. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, inapelekwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na VAT mwisho wake ni tarehe 20. Ukiingia ofisi ya wahasibu tarehe 6, mfumo unagoma na kila mtu amenuna, utapokewa kama mdai. Tarehe 11 au 12 watu wanacheka.

Serikalini usipoteze nauli. Nafasi za utumishi wa umma zinatangazwa, na maombi mengi yanapitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira.

Jambo moja nabishana nalo: "niko tayari kujitolea bila malipo yoyote." Kuna ofisi zinaisoma sentensi hiyo kwa furaha, zikakuweka mwaka mzima unatoa fotokopi. Omba kibarua cha muda unaojulikana, na hata kama ni nauli na chakula, vitajwe mapema. Anayekudai hela ya fomu, muage uondoke.

Baada ya kama wiki piga simu. Ukijibiwa "kwa sasa hatuna nafasi", shukuru, kisha uliza kama wana wateja wanaofunga hesabu Juni 30. Wapo wengi, yakiwemo mashirika yanayofuata mwaka wa fedha wa serikali, na wenye bidhaa nao stoku zao zitahesabiwa siku hizo. Omba ruhusa ya kuandika tena Mei, uitie tarehe hiyo kwenye simu yako mara tu ukimaliza kuongea.