Kabla hujawasha ditekta kwenye mahame ya babu

Wadogo zangu, juzi tena nimewakuta vijana wawili porini Dodoma, ditekta mpya ya kutafutia vyuma ardhini, spika masikioni, wanazunguka juu ya mahame, makazi yaliyoachwa, wasiyojua ni ya nani. Nikawauliza wameongea na mzee gani. Hakuna, wameona alama kwenye picha za setilaiti. Haya, tuanze upya.

1. Watu kwanza, mashine mwisho. Ukitaja tu rupia, sarafu za enzi za Mjerumani, wazee wanafunga mdomo na matapeli wanafungua wao. Uliza maji yalichotwa wapi, ng'ombe walilala wapi, nani kazikwa upande gani.

2. Kijiji huhama na jina lake. Hapa ndipo nilipoumia. Familia moja ya Kigogo iliniomba niwatafutie mahali lilipokuwa tembe la babu yao. Jina la kijiji walinipa, nami nikaenda moja kwa moja kwenye kijiji chenye jina hilo, kando ya barabara. Nyuma ya nyumba za mwisho nikakuta tuta la udongo, vigae, majivu. Ditekta ikalia: jembe lililolika, bangili, kisha shilingi ya 1952 yenye simba. Babu aliishi miaka hiyohiyo, basi nikawaambia ni hapa. Wakaja na watoto kutoka mjini, wakafanya tambiko, jina la babu likatajwa pale. Shangazi yao mkubwa alichelewa kufika. Sikuwahi kumhoji kwa sababu aliishi mbali. Alitazama huku na huku akasema, "Hapa palikuwa kwa watu wengine. Sisi tulihamishiwa. Kwetu ni nyuma ya kilima kile."

Operesheni Dodoma ya 1971, kisha Operesheni Vijiji nchi nzima hadi 1976: serikali ilihamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, wakaswagwa hadi kando ya barabara, na wengi walikwenda na jina la kwao. Mimi nilikuwa nayajua hayo yote, lakini sarafu ilinilevya. Niliomba radhi kwa familia ile, tena kwa wenye mahame yale. Watoto wale walikuwa wameshachota udongo wa pale kwenda nao mjini, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo tafuta ramani ya 1:50,000 iliyochorwa kabla ya operesheni, uone jina lilikaa wapi wakati huo. Ile ya Kijerumani ya 1:300,000 itakusaidia kwa njia za zamani, si kwa nyumba.

3. Sarafu inakwambia tu kwamba haikudondoka kabla ya mwaka ulioandikwa. Ya 1952 inaweza kumtoka mtu mfukoni miaka mingi baadaye. Kwenye heller, yaani senti za rupia ya Mjerumani, angalia herufi ya kiwanda kilichoipiga: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora, 1916, vita vikiwa vimepamba moto.

4. Nenda kiangazi, baada ya mavuno. Fuata vigae na mawe ya kusagia kabla ya kufuata mlio.

5. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo na inafanya kazi: kuchimba mali-kale bila leseni ni kosa, hata kama shamba ni la mjomba wako. Mawe yakiwa yamepangwa, huenda ni kaburi: zima mashine ukaite familia, hata kama inalia namna gani.

6. Na mashimo fukieni, jamani! Ng'ombe wa watu wanavunjika miguu.