Ohio: Nani Akusanye Kodi ya Mapato ya Miji?

Ndugu, umeuliza kama jimbo la Ohio, Marekani, limezinyang'anya manispaa zake kodi ya mapato. Hapana, viwango na fedha bado ni za miji, ila tangu mwaka wa kodi wa 2018 kampuni inaweza kuchagua kupeleka ritani (fomu ya kutangaza mapato na kodi) ya kodi ya faida kwenye idara ya kodi ya jimbo badala ya kuipeleka kwa kila manispaa. Kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi haikuguswa, nayo ndiyo yenye fedha nyingi zaidi.

Fikiria kampuni ya mafundi bomba inayofanya kazi katika miji ya Ohio ya Columbus, Cleveland na Cincinnati: awali ilijaza ritani tatu kwa faida ileile, na sasa inaweza kujaza moja tu. Miji, Athens ya Ohio ikiwa mstari wa mbele, ilikwenda mahakamani kupinga utaratibu huu, na Novemba 2020 Mahakama ya Juu ya Ohio ikaamua kwamba bunge la jimbo lina mamlaka ya kuweka utaratibu huo, lakini ikafuta kipengele kilichoruhusu jimbo kubakiza asilimia 0.5 ya makusanyo. Kwa maoni yangu miji ilikuwa na haki kulalamika, kwani mkaguzi wa mjini huijua karakana iliyofunguliwa juzi mtaa wa pili kabla jimbo halijaisikia.

Detroit ni kisa kingine: baada ya kufilisika mwaka 2013, jiji lenyewe lilikubaliana na jimbo lake la Michigan liikusanyie kodi ya mapato ya watu binafsi.