Je, magazeti ya Uganda yanamsikiliza msomaji?

Dada, umeuliza kama magazeti yetu yanawasikiliza wasomaji au yamehamishia tu karatasi kwenye intaneti. Kwa ninavyoona mimi, yamebadilika nusu nusu. New Vision na Daily Monitor zina tovuti, na gazeti zima unalisoma kwenye simu. Habari ya asubuhi haingoji tena kesho.

Kinachoniuma ni sauti ya mwananchi. Julai 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii. Kodi hiyo iliondoka 2021, ikaja asilimia 12 kwenye bando. Facebook nayo ilifungwa Januari mwaka huohuo, watu wakakimbilia VPN, yaani programu za kukwepa kizuizi cha mtandao. Maoni yanakuwa ya wenye bando tu.

Hapa Arua nimeona gazeti moja likipita mikono mingi stendi. Kijana wa boda akapiga picha habari ya barabara, akaituma WhatsApp na sauti yake: "Shimo lenyewe si hapo, liko mbele, karibu na daraja." Sahihisho zuri kabisa hilo, likaishia kwa rafiki zake. Chumba cha habari kinahitaji mtu ambaye kazi yake ni kupokea sauti kama ile, kuihakiki na kumjibu aliyeituma.