Kabla ya Vina, Tafuta wa Kumwambia

Vijana wanaotunga hapa Mbeya huniletea mashairi yao, wengine kwenye daftari, wengi siku hizi kwa WhatsApp. Mada ni zilezile: tabia njema, elimu, mapenzi, uhuru. Vina vimekaa, mizani kumi na sita imetimia, na bado shairi halisemi na mtu. "Enyi vijana wenzangu", "ewe mwanadamu". Mwanadamu yupi? Anakaa Mwanjelwa au Uyole?

Ushauri wangu ni huu: kabla hujatafuta kina, tafuta mtu. Awe mmoja, unayemjua kwa jina, anayeweza hata kukubishia.

Wakubwa wetu walifanya hivyo. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, alimtungia binti yake wasia. Shaaban Robert naye alimuusia binti yake kwa utenzi, na mkewe Amina alipofariki akamlilia kwa jina lake. Sisi hatukumjua Amina, lakini tukisoma tunaona kuna mtu aliyeondoka kwenye nyumba fulani.

Mpwa wangu alipochaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni huko Iringa, dada yangu aliniomba nimtungie kitu kuhusu nidhamu na bidii. Kwanza nilikaa naye akifungasha: tranka, ndoo, blanketi zito, sweta, pakiti nzima ya kalamu. Masomo hayakumtisha hata kidogo. Hofu yake ilikuwa wanafunzi wa kuazima vitu wasirudishe, na siku yeye mwenyewe atakapoishiwa ikabidi aombe. Basi nikaachana na nidhamu, nikashika kalamu zake:

Kalamu ukiazima,
Irudi ingali nzima,
Tena kwa neno la wema,
Kesho utaomba tena.

Si ubeti wa kushindia tuzo. Ila aliuelewa palepale, akacheka.

Mapenzi ndiyo yanayoharibiwa zaidi. Huku kwetu ni viazi, chai, parachichi na ukungu wa Rungwe, lakini mpenzi wa kwenye mashairi yetu daima anatembea ufukweni ananukia asumini. Kaka, huyo ni wa Tanga! Wako anashuka kwenye kosta ya Tukuyu mwezi wa sita, kavaa masweta mawili, pua imekuwa nyekundu kwa baridi, mkononi ana mkungu wa ndizi aliotumwa na mama yake. Mwandikie huyo. Akijiona humo ndani, hatahesabu mizani.

Kwenye uhuru, watunzi wa Iringa hukimbilia kwa Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Sawa, nenda Kalenga, ukalione fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake. Simama hapo kwa muda. Lakini ukirudi nyumbani, usimtungie Mkwawa; amesifiwa vya kutosha. Mtungie mtu wa leo mwenye jambo la kukataa: binti anayelazimishwa mchepuo wa sayansi wakati moyo wake uko kwenye historia, au kijana aliyeambiwa asioe kabila fulani. Uhuru utaje kwa jambo hilo hilo.

Na ule ugomvi wa kama shairi lazima liwe na vina, uliowaka miaka ya 1970 mshairi Kezilahabi alipokuja na mashairi huru, usikupotezee muda. Mimi ni wa vina na sihami. Ila shairi lisilo na vina lenye mtu ndani yake nitalisoma mara mbili, na lenye vina tupu sitalimaliza.

Ukishatunga, yule uliyemtungia ndiye awe wa kwanza kusoma. Mpwa wangu alipoacha kucheka aliniuliza, "Mjomba, na wakiiiba je?" Ubeti wangu haukuwa na jibu. Ikabidi nikae tena, nitunge mwingine wa kujitetea bila kugombana, na huo ndio mkali kuliko wa kwanza. Siuweki hapa, ni wake.