Maswali na majibu: Mungu, nyoka na mbwa kwenye drakma

Wiki iliyopita tuliweka picha ya drakma, sarafu ya Wagiriki wa kale, ya madini ya fedha, kutoka Epidauros, Ugiriki, ya karne ya 4 KK. Haya ndiyo mliyouliza.

Huyo mzee kitini, na nyoka mbele yake, ni nani?

Asklepios, mungu wa uponyaji. Kashika fimbo, mkono wa pili kauweka juu ya kichwa cha nyoka. Kodoeni macho: chini ya kiti kuna mbwa. Mchongaji hakujibunia. Hekaluni mwa Asklepios kule Epidauros palikuwa na sanamu kama hiyo, ya dhahabu na pembe za ndovu, kazi ya Thrasymedes wa Paros. Msafiri Pausanias aliiona karne ya 2 BK akaieleza, mbwa akiwemo. Sanamu ilipotea zamani. Umbo lake tunaliona kwenye kisarafu kinachoenea kwenye ncha ya kidole. Kwangu mimi, hiyo ndiyo thamani yake, si uzito wa madini.

Ndiye nyoka wa nembo ya Shirika la Afya Duniani?

Ndiye. Fimbo ya Asklepios ina nyoka mmoja; yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes, mungu mlinzi wa wafanyabiashara. Ukiikuta kwenye duka la dawa, mchoraji kakosea fimbo.

Sarafu hii ilikuwa hirizi?

Hapana, ilikuwa pesa ya matumizi. Uponyaji ulitafutwa usingizini: mgonjwa alitoa sadaka, kisha akalala katika ukumbi ulioitwa abaton, akingoja mungu amjie ndotoni.

Basi walilipa kiasi gani?

Kule Oropos, pia Ugiriki, kwa Amphiaraos, mponyaji mwingine, sheria iliyochongwa kwenye jiwe ilidai oboli 9 za fedha, yaani drakma moja na nusu, zitumbukizwe kwenye sanduku. Epidauros nako mawe yanasimulia waliopona. Ambrosia wa Athens, mwenye chongo, aliwacheka waliosadiki. Akaambiwa ndotoni atapona, ila alete nguruwe wa fedha (ya madini, maana Kiswahili chetu hapa hutuchanganya) awe ukumbusho wa ujinga wake. Hermon wa Thasos alipona upofu, akakwepa kulipa, ukamrudia.

Nimpendaye ni Euphanes, mtoto mwenye jiwe kibofuni. Mungu alimuuliza, “Nikikuponya utanipa nini?” Akajibu: vifupa kumi vya kuchezea. Mungu akacheka, na asubuhi mtoto akatoka mzima.