Tulivyoonyesha filamu ya bendi za dansi Tabora na Kigoma, na watu walivyoipokea

Mkuu, umeuliza kama kuna aliyewahi kuonyesha filamu ya muziki wa nyumbani kwa watu wa nyumbani, maana unayo ya kwako na unahofia watachoka katikati. Mimi nilishiriki moja: dakika 52, pesa tumechangishana wenyewe, habari za bendi za dansi za Tabora. Projekta niliibeba mimi kila ilikokwenda, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona.

Mara ya kwanza tulikwenda banda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, moja la mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Tulikosea. Spika za pale besi imefunguliwa hadi mwisho, na gitaa la rithimu, ambalo ndilo roho ya Segere Matata, mtindo wa bendi ya Tabora Jazz, likamezwa lote. Vijana wakaanza kutoka mapema kabisa. Sikuwalaumu, walikuwa wanasikia ngurumo tu.

Mara ya pili tukaonyesha uani kwa mzee mmoja wa mtaa wa Isevya, Tabora hiyohiyo. Shuka jeupe ukutani, spika mbili ndogo, mikeka na viti vya kuazima. Ilipofika picha ya bendi imejipanga na magitaa yake, bibi mmoja akainuka mkekani, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole usoni kwa mpiga besi. Mwanga wote ukamwangukia yeye, nusu ya picha ikawa kwenye kanga yake. Akasema, "Huyu mmemwandika jina la kaka yake." Wazee wawili wakaitikia nyuma, "Kweli, huyo ni mdogo mtu."

Tukasimamisha filamu. Wakabishana karibu nusu saa: nani alipiga solo, nani alihamia bendi ya Nyanyembe Jazz, suti zile alishona fundi gani, nani aliacha safari ya kwenda Dar kurekodi Radio Tanzania kwa sababu mkewe alikuwa siku zake za kujifungua zimefika. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwamo kwenye filamu yetu! Mwenzetu mmoja alikuwa anajaribu kuwatuliza, mzee akamwuliza, "Mwanangu, dansini tulikuwa tunakaa kimya?" Bahati nzuri mpiga picha alishageuza kamera, anawarekodi. Kwa hiyo watu wakianza kuongea juu ya filamu yako, waache waongee, na uwe na kamera mkononi.

Lawama iliyoniingia zaidi ilitoka kwa mama mmoja usiku huohuo. Alisubiri tumalize, akauliza, "Hao wanaume walikuwa wanampigia nani?" Tulikuwa tumewahoji wanamuziki na wapenzi wa bendi, wanaume watupu. Nyimbo ngapi za dansi zinamwimba dada fulani kwa jina lake, na sisi hatukumtafuta hata mmoja! Hilo linaniuma mpaka leo, maana baadhi ya kina mama tuliokuja kuwatafuta baadaye tuliambiwa wameshafariki.

Halafu tukapanda treni kwenda Kigoma. Tulionyesha mitaa ya Mwanga na Ujiji. Alipotokea mwanamuziki Shem Karenga kwenye filamu, watu wakapaza sauti, "Wa kwetu huyo!" Na ni kweli, ni mtoto wa Kigoma, alipiga Lake Tanganyika Jazz kabla ya kujiunga na Tabora Jazz. Sisi tulimweka kama mtu wa Tabora, Kigoma hatukuigusa hata kwa sentensi moja. Vijana nao wakauliza kwa nini tumeishia kwenye magitaa, wakati mwaka 2012 wasanii wa Bongo Fleva wa Kigoma walikusanyika kama Kigoma All Stars wakatoa "Leka Dutigite". Nikajibu kwamba huo ni muziki mwingine. Kijana mmoja akasema, "Kaka, wa zamani walikwenda Dar kutafuta pa kurekodia, na hawa wa sasa hivyohivyo. Tofauti iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na tuliporudi tukahariri upya mwisho wote, ukawa stesheni ya Tabora usiku, abiria wanasubiri treni ya Dar.

Suala la haki usilipuuze. Mtoto wa mwanamuziki mmoja marehemu alikuja taratibu kabisa, akatuuliza kama wimbo wa baba yake tumeulipia. Tuliona aibu. Zungumza na familia kwanza, kisha COSOTA wanaoshughulikia hakimiliki, na kama sauti zako zimetoka kwenye kanda za Radio Tanzania, waone TBC, shirika la utangazaji la taifa. Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikie kabla hujatangaza siku ya kuonyesha.

Tulirudi Isevya na toleo jipya. Bibi yule alikuwa anaingojea picha moja tu, ile ya mpiga besi tuliyemrekebishia jina. Ilipofika akalisoma jina polepole kwa sauti, akatuomba turudishe nyuma, akalisoma tena.

Ukipita Tabora niandikie, mkuu. Projekta na zile spika ndogo ninazo, hutahitaji kukodi.