Mkitaka kuzungumzia matabaka chuoni, anzeni na michango

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja anayesoma Arusha aliniandikia. Yeye na wenzake waliandaa mjadala kuhusu utofauti na matabaka chuoni kwao. Wakakodi spika, wakabandika matangazo hadi mlangoni mwa kafteria, na siku yenyewe wakaja wale wale waliobandika matangazo. "Dada, ninyi kule Moshi mlifanyaje mpaka watu wakaja?"

Nimefurahi kuulizwa, sifichi. Nimemaliza chuo zamani kidogo na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kwanza, mdogo wangu, tazama kichwa cha mjadala wenu: "Umoja Katika Utofauti Wetu". Nani ataamka Jumamosi kwa ajili hiyo? Umoja Mtanzania anaimbishwa tangu chekechea. Mimi ni Mpare wa Same, nimesoma katikati ya Wachaga, na siku ya kwanza tu nikaambiwa Wapare tunauza ng'ombe ili tugharamie kesi ya mbuzi. Nami nikawarudishia za kwao za kupenda hela. Tukacheka, maisha yakaendelea. Makabila tunayazungumza kutwa na hatuogopi. Tunachokizunguka ni nani anazo na nani hana, na ukiitisha kikao cha "utofauti" watu watakimbilia kwenye makabila na ngoma za asili, mtapiga picha, mtarudi hosteli mkiwa vile vile.

Sisi chanzo chetu kilikuwa safari ya Materuni. Darasa liliamua kwenda kuona maporomoko, kule Uru, si mbali na mjini. Mchango ukapangwa na watu watatu wanne ambao kwao hela ile ilikuwa ya vocha: usafiri, kiingilio, chakula, na fulana juu yake. Kila jioni mweka hazina alibandika orodha upya kwenye grupu la WhatsApp. Majina yote, aliyelipa ana tiki ya kijani, asiyelipa amebaki mtupu. Siku zinavyosonga watupu wanapungua, na macho ya grupu zima yanawahamia waliobaki. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lilikuwa halijatoka. Rumeti wangu, mtoto wa Simanjiro, akaanza kuandika kwamba ana msiba nyumbani. Muhula ule alifiwa mno yule dada. Mimi nililala naye chumba kimoja, najua hakuna aliyekufa.

Hapo ndipo nikasema tukae. Wazo lilikuwa langu, naomba hilo lieleweke.

Hatukuomba ukumbi. Tulikaa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, nyuma ya maktaba, jioni, bila spika wala mgeni rasmi, na swali lilikuwa moja tu: bumu likichelewa, unakula nini? Kijana mmoja wa mwaka wa pili akajibu kwamba yeye anapiga pasi ndefu. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akija chuo na gari la kwao akauliza, kwa nia njema kabisa, "Kwani unachezea timu gani?" Kicheko kilicholipuka pale! Kisha kikakatika ghafla, maana tuliona kweli hajui. Yule kijana akamweleza taratibu: asubuhi unakunywa maji, unavuta mpaka saa kumi, unakula ugali maharage mara moja, siku imeisha. Mwenye gari hakufungua mdomo tena jioni ile. Wiki iliyofuata alirudi.

Mdogo wangu, ile ndiyo siri. Ukimuuliza mtu "unajisikiaje kuwa maskini?" atakuongopea, na ana haki. Muulize anakula nini, analipaje chapa ya kazi ya darasa, likizo anapanda basi gani. Atakueleza yote bila kulitaja neno umaskini.

Usidhani pia kwamba mtajua nani yuko wapi kwa kutazama viatu. Kulikuwa na binti wa Marangu tuliyemweka kwenye kundi la wenye nazo kwa sababu alisoma sekondari ya kulipia na Kiingereza chake kilinyooka. Kumbe ada ile alilipiwa na wafadhili wa kanisa, na alipofika chuo ile ile shule ya kulipia ndiyo iliyomponza kwenye mkopo, akahesabiwa kwao wanazo. Alikuwa na njaa kuliko sisi tuliosoma Kayumba, shule za serikali. Halafu sisi wa Kayumba nasi tukatoa letu: kwenye kazi za makundi, waliosoma inglishi midiamu ndio wanaosimama mbele kuwasilisha, sisi tunatumwa kuchapisha na kubana pini. Hilo tulibishana wiki kadhaa. Wengine walisema ni uoga wetu. Mimi mpaka leo sikubali.

Tukaleta na historia, maana bila historia kikao kinageuka kulialia. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere akawafukuza mamia, akawaambia wanajifanya tabaka la wakubwa, na akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko yake: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wewe unaupita ule mnara wa Azimio kila ukienda mjini. Wapeleke wenzako pale, waulize miiko ile ingemgusa mzazi wa nani darasani kwenu. Hamtahitaji spika.

Matokeo? Orodha za tiki zilikoma kwenye grupu letu. Mchango ukawa unatumwa kwa mweka hazina kimya kimya, na mwenye nacho anaongeza cha mwenzake bila jina kutajwa. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kongamano lolote. Ila mwishoni mwa mwaka vyeti vya "waanzilishi wa majadiliano" vilitolewa kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi ambao kwenye vimbweta walikuja mara moja, wakapiga picha. Nilikaa nikapiga makofi. Nawaombea heri huko waliko.

Nanyi vijana mnaosoma hapa, acheni kupenda majukwaa. Mnataka kubadilisha nchi na rumeti wako hujui amekula nini tangu jana. Kaa naye kwanza. Acheni kutunga michango ya fulana kana kwamba kila mtu kwao ana duka. Narudia: anzeni na michango.

Umeniuliza kama ni lazima kuomba kibali. Ombeni. Watu wakizidi pale kwenye vimbweta, lazima atatokea wa kusema mnafanya siasa. Mwandikieni mlezi wa wanafunzi barua fupi, semeni ni mazungumzo ya wanafunzi kuhusu maisha ya chuo, msiandike "matabaka" mahali popote. Wekeni majina ya wote walioanzisha, kila mmoja asaini, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wenye tarehe. Najua ninachosema.